Historia ya Ole kwa Shilingi 60,000: Nini Ununue, Nini Uache

Tuseme mfukoni una shilingi 60,000 na skuli zimefungwa kwa mwezi mmoja. Umekusudia kuandika historia ya kijiji cha Ole, Pemba: nani walifungua mashamba ya mikarafuu, kisima kile kina jina la nani, skuli ilianza chini ya mti gani. Kila utakayemuuliza ana ushauri wake. Mmoja atakwambia nunua vitabu. Mwengine atakutuma Hifadhi ya Nyaraka, Kilimani, huko Unguja. Wa tatu atakwambia usihangaike, intaneti ina kila kitu.

Wote watatu wana ukweli kidogo, na wote watatu wanaweza kukumalizia pesa kabla hujaandika ukurasa wa kwanza.

Mpangilio wangu ni huu: wazee kwanza, sanduku la nyumbani la pili, vya bure vya mtandaoni vya tatu, Chake Chake ya nne. Kitabu cha kununua kingoje pesa nyengine. Kilimani iwe mwisho, tena uende na orodha mkononi.

Bei nitakazotaja ni za kupigia hesabu. Za dukani hupanda na kushuka, kwa hiyo weka za duka lako pale nilipoweka zangu.

Wazee: wanaanza wao

Aliyekuwa na miaka 15 siku ya Mapinduzi ya Januari 1964 leo amepindukia 75. Anayekumbuka kwa macho yake uchaguzi wa kwanza wa 1957 ni mkubwa zaidi ya huyo. Kitabu kilichochapwa 1913 kitakuwepo mwakani na mwaka unaofuata. Ndiyo maana pesa ya kwanza inakwenda kwa wazee, hata kama kuna mtu amekuahidi kitabu kwa nusu bei.

Chombo cha kurekodia unacho: simu. Vinasa sauti maalumu vinavyouzwa kwa waandishi wa habari ni vizuri, lakini vina bei yao, vinakula betri, na ukimaliza kazi hii vitakaa kabatini. Kwa kazi ya kijiji simu ya kawaida inatosha.

Kinachostahili pesa ni kipaza sauti kidogo cha waya, kile cha kubana kwenye kola. Ukikaa na mzee barazani utarekodi pia kuku, bodaboda, na upepo kwenye migomba. Kipaza sauti cha bei ndogo kabisa kilicho karibu na mdomo kinaishinda simu ya bei kubwa iliyowekwa juu ya mkeka.

Kabla hujalipa, angalia kama simu yako ina tundu la waya. Simu nyingi za sasa hazina, na kiunganishi utakinunua mbali. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza ambayo muuzaji hatakutajia.

Memori kadi: usikubali kuuziwa usichohitaji. Rekodi ya kawaida iliyobanwa, ya kiwango cha kilobiti 128, hula kama MB 58 kwa saa. Rekodi isiyobanwa, ya njia moja ya sauti, hula kama MB 320 kwa saa. Kadi ya GB 32 basi inabeba zaidi ya saa 500 za aina ya kwanza, au karibu saa 100 za aina ya pili. Mwenye kadi ya GB 128 mkononi anakuuzia nafasi ambayo hutaijaza hata ukiwahoji wazee wa kisiwa kizima.

Jihadhari na kadi bandia. Zimeandikwa ukubwa mkubwa, simu inauona ukubwa huo, lakini ndani nafasi ni robo yake. Unarekodi, inakubali, na siku ya kusikiliza faili halifunguki. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti, ijaze kadi mafaili ya video usiku huo huo, kisha yafungue moja moja. Lisilofunguka, rudisha kadi asubuhi.

Sasa gharama isiyoonekana kabisa: muda. Saa moja ya sauti, kwa asiyezoea kuinakili, hula saa nne na zaidi za kuandika. Wazee watano wakizungumza saa mbili mbili, una saa 40 za kazi, yaani wiki nzima ya ofisini. Usilipe mtu akuandikie yote. Sikiliza mara moja, andika dakika ambazo neno zuri limesemwa, kisha nakili vipande hivyo tu.

Kuhusu mkono mtupu: mzee hauzi habari, nawe usimfanye muuzaji. Kilo ya sukari na pakiti ya majani ya chai ni heshima ya mgeni anayeingia nyumba ya watu. Ukianza kutoa noti, mzee wa pili atangojea noti, na wa tatu atakwambia unachotaka kusikia.

Mtangulize mjukuu akaulize siku. Nenda baada ya alasiri. Epuka kilele cha msimu wa karafuu, kwani hapo watu wako mikarafuuni au kwenye majamvi ya kuanikia, na aliyekaa nyumbani anachambua. Ukifika, toa salamu, mpe bibi shikamoo yake, ulizia hali ya watu wa nyumbani, na simu ibaki mfukoni mpaka uombe ruhusa. Akisema "hili usiliandike", zima mbele ya macho yake.

Usianze na siasa. Anza na kisima, chuo cha Kurani, njia ya zamani ya kwendea Chake, majina ya mashamba. Mtu akishatembea katika njia hiyo kwa maneno, mengine yanakuja yenyewe.

Kasoro ya wazee ni tarehe. Wengi huhesabu kwa matukio: kabla ya vita vya Hitla au baada yake, kabla ya eka tatu au baada yake, miaka ya foleni za chakula. Andika tukio kama alivyolitaja, usimlazimishe mwaka. Ugawaji wa eka tatu ulifuata Mapinduzi, kuanzia 1965. Foleni za chakula ni za mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa vigingi viwili vitatu kama hivyo utaipanga hadithi nzima, bila kununua chochote.

Sanduku la nyumbani: bure, lakini linaoza

Kabla hujaitafuta karatasi ya serikali, uliza iliyoko chini ya kitanda. Familia za Ole zina hati za mashamba, stakabadhi za kuuzia karafuu, vyeti vya ndoa, barua kutoka Mombasa na Maskati, na daftari ambamo babu aliandika siku watoto walipozaliwa. Stakabadhi moja ya karafuu ina jina, tarehe, uzito na bei. Vitabu vingi vya maduka ya mjini havikupi vinne hivyo kwa pamoja kuhusu mtu wa Ole.

Njia za kuhifadhi ni tatu, na bei zake zimepishana sana.

Picha ya simu ni bure. Iweke karatasi chini penye kivuli chenye mwanga, karibu na dirisha, simu iwe sambamba nayo, bila tochi. Piga mbele na nyuma, kwa kuwa mara nyingi nyuma ndiko kwenye jina la shahidi. Baadhi ya programu za kupigia nyaraka zinazosema ni za bure hutia alama yao kwenye ukurasa mpaka ulipie. Kamera ya kawaida ya simu haitii alama.

Skana ya steshenari inatoa picha safi zaidi, lakini unalipa kwa ukurasa, unalipa nauli, na karatasi ya miaka 80 inasafiri ndani ya mfuko kwenye gari lililojaa. Inafaa kwa hati mbili tatu ambazo simu imeshindwa kuzisoma.

Laminesheni ni ya kukataa kabisa. Niliwahi kupeleka hati ya shamba la ukoo kwenye duka moja la kutolea nakala, nikataka ipigwe plastiki "isiharibike". Moto wa mashine uliyeyusha wino wa muhuri, na karatasi ikajikunja ndani ya plastiki ambayo sasa haitoki bila kuichana. Nililipa pesa yangu kuiharibu. Bahasha ya karatasi, ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na sakafu na mchwa, ni ya bei ndogo zaidi na ni salama zaidi.

Hati nyingi za zamani zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, hata pale lugha yenyewe ni Kiswahili. Usikimbilie mfasiri wa mjini anayetoza kwa ukurasa. Mpelekee kwanza Maalim wa chuo, na umpe picha iliyokuzwa kwenye simu badala ya karatasi yenyewe.

Mwaka wa Hijria ubadilishe mwenyewe: zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622. Hati ya 1340 inakupa 1921 na nukta. Ndiyo kusema 1921 au 1922. Ukitaka siku hasa, vikokotoo vya bure vipo mtandaoni.

Mtandaoni: vitabu bure, bando si bure

Vitabu vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha vimepigwa picha vizima na kuwekwa kwenye Internet Archive. Vitatu vinakuhusu.

Cha kwanza ni Pemba: The Spice Island of Zanzibar, cha J. E. E. Craster, afisa wa Kiingereza aliyetumwa kukipima kisiwa. Kilitoka 1913. Kina safari, mashamba, watu na picha za Pemba kabla ya Vita vya Kwanza. Kati ya vitatu, hiki ndicho cha kuanza nacho.

Cha pili ni Zanzibar: The Island Metropolis of Eastern Africa, cha F. B. Pearce, cha 1920. Kinaeleza magofu ya Pemba, Pujini ya Mkama Ndume ikiwemo. Soma sehemu za Pemba tu, mengine ni ya Unguja.

Cha tatu ni safari za Richard Burton, zilizochapwa 1872. Alipita Pemba kwa muda mfupi mwaka 1857. Kina maneno mengi na Pemba kidogo. Kiache mpaka uwe na nafasi.

Sasa gharama. Kitabu kilichopigwa picha ni faili zito, la makumi ya MB. Mahali hapo hapo huwa kuna faili la maandishi matupu la kitabu kile kile, ambalo halifiki hata sehemu ndogo ya uzito huo. Lishushe hilo kwanza, tafuta unachotaka, kisha fungua kurasa chache za picha kwa ajili ya ramani. Umeokoa bando la wiki.

Kutafuta kuna mitego yake. Neno "Ole" ni herufi tatu tu. Ndani ya kitabu cha Kiingereza litakuletea kila "whole", "role" na "hole". Ukilitafuta kwenye intaneti litakuletea majina ya Wamasai, kwa kuwa kwao "ole" huingia kati ya jina la mtu na la baba yake. Washa kitufe cha kutafuta neno zima, na uliambatanishe na Pemba, karafuu au jina la kijiji jirani. Kumbuka pia tahajia za kale: Chake Chake iliandikwa "Chaki Chaki", na Wete iliandikwa "Weti".

Gharama nyengine ya vitabu hivi haimo kwenye bando. Vimeandikwa na watawala. Mwenye shamba ana jina na mchumaji hana, na mwanamke hutajwa akiwa kwenye picha. Kwa hiyo vikupe tarehe, njia na ramani. Habari ya watu ichukue kwa watu.

Makala za wasomi ziko kwenye JSTOR. Ukijiandikisha bure unaweza kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi, bila kuzishusha. Kwa mtu wa likizo ya mwezi mmoja hizo ni nyingi kuliko atakazomaliza. Usilipe dola kwa makala moja kabla hujaitafuta hapo.

Takwimu nazo ni bure. Ripoti za Sensa za 2012 na 2022 zinahesabu watu mpaka ngazi ya shehia. Angalia jina vizuri, kwani kuna shehia ya Ole na kuna ya Mjini Ole, na ukizichanganya hesabu yako yote itakwenda upande.

Ramani pia. OpenStreetMap haitozi kitu. Mradi wa kuipiga picha Zanzibar kwa ndege zisizo na rubani, ulioanza 2016, umeacha picha za juu zinazoonyesha mpaka paa la nyumba moja moja. Zitazame mtandaoni, usizishushe, kwani moja tu inaweza kumaliza bando lote. Chukua picha ya kioo cha simu yako, ichapishe kwenye karatasi moja ya A4, umpelekee mzee aoneshe kwa kidole msikiti wa zamani ulipokuwa. Karatasi hiyo moja itafungua maneno kuliko maswali kumi.

Mtego wa "toleo jipya"

Ukitafuta vitabu hivyo vya zamani vya bure, utakutana na watu wanaoviuza. Jalada jipya, picha ya machweo, bei ya dola. Mimi niliingia. Nililipia kitabu cha namna hiyo kwa muuzaji wa mtandaoni, nikangoja wiki nyingi, kikaja. Ndani kilikuwa picha zile zile za bure, zimechapwa kwa wino hafifu. Ramani iliyokunjwa ya mwisho wa kitabu, ambayo ndiyo niliyoitaka, haikuwemo kabisa, kwa sababu aliyekipiga picha hakuikunjua.

Kabla ya kulipia "toleo jipya" la kitabu cha kabla ya 1925, litafute bure kwanza. Likiwepo, usinunue. Ukitaka karatasi mkononi, chapisha kurasa 20 unazozihitaji.

Chake Chake: nauli ndogo, faida ya kati

Kutoka Ole unaweza kwenda Chake asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo. Kuna maktaba ya serikali, na kuna Makumbusho ya Pemba ndani ya ngome ya zamani. Upande mwengine, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi yake Mchangamdogo. Si lazima uwe mwanafunzi kuuliza. Nenda na kitambulisho na barua fupi kutoka kwa sheha au mwalimu mkuu inayosema unafanya nini. Barua hiyo ni bure na hufungua milango ambayo pesa haifungui.

Makumbusho yana kiingilio, na wenyeji kwa kawaida hutozwa kidogo kuliko wageni. Beba kitambulisho usije ukalipa bei ya mtalii. Nenda mara moja tu, kwa ajili ya kuiona Ole ndani ya kisiwa kizima: Mtambwe Mkuu ya sarafu za fedha, Ras Mkumbuu, Pujini.

Maktaba huwezi kutoka na kila kitabu. Hapo ndipo fotokopi inapokula pesa. Tuseme ukurasa ni shilingi 100. Kitabu cha kurasa 300 ni 30,000, nusu ya bajeti yako, na juu yake gharama ya kukijalidi. Tena kunakili kitabu kizima ambacho bado kina haki za mwandishi ni kosa. Toa kopi ya faharasa kwanza, ambayo huwa kurasa chache. Weka alama penye Pemba, kisha toa kurasa hizo tu. Kurasa 30 ni shilingi 3,000. Na uliza kama unaruhusiwa kupiga picha kwa simu. Wakikubali, hata hizo 3,000 zinabaki.

Kitu kidogo cha kuangalia: nakala ya mashine ya unga hudumu. Iliyochapwa kwa printa ya wino wa maji huvuja ikipata unyevu, na Pemba unyevu hauombwi. Lowesha kidole, gusa pembeni mwa herufi kabla hujalipa.

Vitabu vya kununua: kipi kina thamani

Ukiongezewa pesa, swali linakuwa kitabu gani. Nimevipanga kwa mtu wa Ole, si kwa profesa.

Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani kilitoka Dar es Salaam mwaka 2011. Ni Kiswahili, bei yake ni ya shilingi, na unaweza kumwagizia mtu anayetoka Dar bila ushuru wala posta ya nje. Kinahusu washairi wawili wakubwa wa kisiwa, na ndani yake mna majina, mitaa na mabishano ya Wapemba wa enzi ile. Mzee ukimsomea beti mbili za Kamange atakukamilishia kwa zake. Nunua hiki kwanza.

Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar, cha Abdul Sheriff, 1987, ndicho kinachokuonesha karafuu zilikuja vipi na nani alifaidika. Kinaishia 1873, mwaka mmoja tu baada ya kimbunga cha Aprili 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba kuwa shamba kubwa la karafuu. Kwa hiyo kinakupa mlango wa hadithi ya Ole, lakini si nyumba. Azima, usinunue.

Cha kuendelea nacho ni From Slaves to Squatters cha Frederick Cooper, 1980, kinachoshika 1890 mpaka 1925: utumwa unaondolewa kwa amri ya 1897, na watu wanabaki mashambani kwa masharti mapya. Nakala zilizotumika huuzwa nje. Kinafaa, kama kuna mtu anayerudi likizo na nafasi kwenye begi.

Slavery and Emancipation in Islamic East Africa cha Elisabeth McMahon, 2013, ndicho kinachoikaribia Pemba kuliko vyote, kwani kimetumia kumbukumbu za mahakama za kisiwani. Nacho ndicho cha kuogopa bei. Vitabu vya jalada gumu vya vyuo vikuu vya nje huuzwa kwa makumi ya dola, na vyengine hupindukia mia. Omba maktaba ya chuo ikitafute. Soma kurasa za kuonja zilizo wazi mtandaoni, na unakili majina ya mafaili anayoyataja chini ya kurasa. Majina hayo yatakuokolea siku nzima ukifika Kilimani.

History of Zanzibar cha John Gray, 1962, kinaishia 1856 na kinawafuata watawala zaidi kuliko wakulima. Kwa kazi ya Ole usikitolee hata senti.

Ukishawishika kuagiza nje, piga hesabu yote. Tuseme kitabu ni dola 40, posta dola 20, na dola moja ni shilingi 2,500. Hiyo ni 150,000. Ongeza makato ya benki kwa kubadilisha fedha, ushuru ukitozwa, na nauli ya kukifuata posta. Kwa pesa hizo ungewahoji wazee wote wa Ole na kubakiwa na chenji.

Kilimani: nenda mwisho, nenda umejiandaa

Nyaraka za Kilimani zina hazina: majalada ya serikali ya Kiingereza, mahakama, magazeti, ramani. Gazeti la serikali la Zanzibar lilianza kutoka 1892. Historia ya kweli ya Ole haitakamilika bila huko. Lakini kwa mwenye 60,000 na mwezi mmoja, safari ya kwanza isiwe hiyo.

Nauli ya boti kwenda na kurudi ni mwanzo tu. Kuna gari la kufika bandarini Mkoani au Wete, kuna kulala, kuna chakula, kuna daladala za mjini. Boti ina ratiba yake, kwa hiyo kazi ya siku mbili hukuweka siku nne. Ijumaa ofisi hukatika kwa sala, na mwisho wa wiki zimefungwa. Anayeshuka bandarini Alhamisi jioni amenunua siku tatu za kula bure.

Uliza kwa simu kabla: kibali gani kinatakiwa, kinachukua siku ngapi, ada ya kusoma, ada ya kila picha au kopi, jalada linaletwa baada ya muda gani. Ada ya picha ndiyo inayowashangaza watu, kwani picha 200 kwa bei ndogo ni pesa kubwa. Beba penseli, kwani kalamu ya wino mbele ya jalada la zamani hairuhusiwi. Na usiombe jalada la "Ole". Omba la Pemba, la wilaya, la karafuu, la skuli, kisha uitafute Ole ndani.

Njia ya kubana matumizi ni kuungana. Watu watatu wenye maswali matatu wamtume mmoja mwenye mwandiko mzuri na jamaa wa kulala kwake Unguja. Gharama imegawika kwa tatu na usiku umekuwa bure.

Hesabu ya 60,000

Memori kadi ya GB 32: 12,000. Kipaza sauti cha waya: 6,000. Sukari na majani ya chai kwa wazee watano, 3,000 kila mmoja: 15,000. Bando: 5,000. Nauli ya Chake, safari mbili: 4,000. Fotokopi za kurasa 30: 3,000. Jumla 45,000.

Hakuna kitabu hata kimoja hapo, na sijasahau.

Rekodi ziweke mahali pawili. Flashi peke yake haitoshi, hufa bila kuugua. Akaunti ya barua pepe ya bure huja na nafasi ya mtandaoni, nyengine mpaka GB 15. Pandisha humo sauti zilizobanwa usiku wa manane kama bando lako lina saa za bei nafuu. Nakala nyengine iache kwenye simu ya ndugu.

Zimebaki 15,000. Utashawishika kuziongeza kwenye kadi kubwa au kwenye nauli ya tatu ya Chake. Usifanye hivyo. Andika kijitabu cha kurasa 24, kopi kwa shilingi 100 ukurasa, pini shilingi 100: nakala moja 2,500. Kwa 15,000 unatoa nakala sita. Tano ni za wale wazee watano, kila mmoja na jina lake likiwa limeandikwa sawasawa ndani, na asiyeona vizuri asomewe na mjukuu. Ya sita ni ya skuli. Wakikuta umekosea mwaka au jina la kisima, watakuita kukusahihisha, na safari hiyo hutapeleka hata sukari.